Ndugu wa Mbali ni wa Kwetu

Maneno haya niliyasema Dodoma, mbele ya makatekista, wazee wa kanisa, akina mama na wanakwaya waliotoka mitaa ya mbali, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parishi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani, maana waliokosa nafasi ya kuja wameyaomba.

Bwana Yesu asifiwe! Mbukwenyi!

Baba Mchungaji, mama wachungaji, makatekista wapendwa, wazee wangu, mama zetu mliovaa sare mkapendeza, na ninyi vijana wa kwaya mliosafiri usiku kucha juu ya magunia ya alizeti ili mfike hapa: nawasalimu katika jina la Bwana wetu. Karibuni Dodoma. Tunajua mmechoka, na jikoni kazi inaendelea.

Nimepewa somo la ushirika wa waamini wanaoishi mbali mbali, na utumishi mwaminifu kati yao. Nina neno moja tu, nami nitalizunguka pande zake. Ushirika na ndugu aliye mbali hubebwa na watu. Yupo anayekwenda. Yupo anayempokea. Yupo anayemfungia chakula cha njiani na kumtafutia nauli. Yupo anayerudi akasimulia aliyoyaona. Mmoja wa hao asipokuwa mwaminifu, ushirika unakatika hapo hapo, hata kama kila Jumapili tunafumba macho na kusema tunawaombea ndugu zetu wa mbali.

Fungueni Waraka wa Tatu wa Yohana. Najua wengi wetu huupita haraka tukielekea Ufunuo. Katika Kigiriki ndicho kitabu kifupi kuliko vyote vya Agano Jipya. Unaweza kuusoma wote kabla maji ya chai hayajachemka. Lakini sijaona mahali pengine katika Maandiko ambapo habari ya somo letu imewekwa wazi namna hii, na watu wake wakatajwa kwa majina: Gayo, Diotrefe, Demetrio.

Tuanze na Gayo. Wahubiri walikuwa wakisafiri kutoka mji hadi mji. Nyumba za wageni za nyakati zile zilikuwa na sifa mbaya: wizi, ulevi, uchafu wa kila namna. Tena wahubiri hawa hawakutaka kupokea kitu kwa watu wasioamini, ili mtu asije akasema Injili inauzwa. Sasa watalala wapi? Watakula nini? Gayo akafungua mlango. Hakuwajua. Yohana anasema wazi kwamba walikuwa ndugu, tena wageni. Akawalisha, akawalaza, wakaenda zao. Walipofika kule alikokuwa mzee Yohana wakasimama mbele ya kanisa, wakatoa ushuhuda juu ya upendo wa Gayo. Ndivyo Yohana alivyojua. Hakuna aliyetumwa kumkagua Gayo. Wageni wenyewe ndio waliopeleka habari.

Kisha Yohana anaomba jambo la pili, na hapa nawaomba mtulie. Anasema, "utafanya vizuri ukiwasafirisha kama ipasavyo kwa Mungu." Kumpokea mgeni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni namna anavyoondoka kwako. Je, ameondoka na maji? Anajua njia? Kuna kijana wa kumvusha korongo? Ana nauli ya kumfikisha mtaa unaofuata, au tumempungia mkono na kumwimbia wimbo mzuri, halafu akabaki amesimama barabarani akihesabu shilingi zake? Kipimo alichopewa Gayo ni kikubwa sana. Awasafirishe kama ipasavyo kwa Mungu, yaani kama vile anayeondoka mlangoni pake angekuwa ametumwa na Mungu mwenyewe, kwa kuwa kweli ametumwa naye.

Halafu linakuja neno ambalo natamani kila mama aliye hapa aondoke nalo. Yohana anasema imetupasa kuwakaribisha watu kama hao, "ili tuwe watenda kazi pamoja na kweli." Mama uliyeamka kabla ya jogoo, ukasonga ugali wa uwele na kupika mlenda kwa ajili ya mwinjilisti ambaye hata jina lake ulikuwa hujalijua, mahubiri aliyohubiri siku ile ni yako pia. Hukusimama mimbarani, lakini Maandiko yanakuweka katika kazi ile ile. Wala simsifu mtu kwa maneno matupu. Ndivyo mtume alivyoandika.

Sasa Diotrefe. Sisi wazee wa kanisa na makatekista tukae naye kidogo, maana alikuwa mmoja wetu. Someni vizuri mkaone anashitakiwa kwa nini. Waraka ule hausemi kwamba alifundisha uongo juu ya Kristo, wala kwamba aliiba sadaka. Unasema alipenda kuwa wa kwanza. Barua ya mtume haikupokelewa. Alinena maneno maovu. Hakuwakaribisha ndugu. Na waliotaka kuwakaribisha aliwazuia, akawatoa katika kanisa. Huyu ni mtu aliyekuwa na funguo za kanisa mfukoni.

Nimewaona watu wa namna hii katika maisha yangu, na ninyi mmewaona. Mzee anasema, "Hapa kwetu tunajitosheleza." Mwingine anauliza kwanza huyo mgeni ni kabila gani kabla ya kuuliza kama amekula. Kwaya ya mtaa wa jirani inaomba kuja kuimba, tunaiambia ratiba imejaa, na moyoni tunajua sababu ni kwamba wanaimba vizuri kuliko yetu. Barua inatoka parishi, inakaa mfukoni mwa koti wiki tatu bila kusomwa kwa waumini, kwa sababu aliyeishika hakupendezwa na yaliyomo. Ndugu zangu, kanisa linalofungwa kwa namna hii hufa polepole, na wanaolifunga huwa ndio watu wanaoheshimika zaidi pale. Nasema kwa uchungu, maana nawapenda wazee wenzangu.

Najua kuna swali limekaa vinywani mwenu. Je, tumpokee kila anayegonga mlango na Biblia mkononi? Siku hizi wapo wanaozunguka vijijini na chupa za mafuta na ahadi za miujiza, wakaondoka na fedha za wajane. Swali hili ni halali, na kanisa la kwanza lilikuwa nalo. Yohana huyo huyo, katika waraka wake wa pili, anasema mtu akija bila mafundisho ya Kristo asikaribishwe nyumbani. Na upo mwongozo wa kale sana wa Wakristo, ulioandikwa karibu na nyakati za mitume, unaoeleza habari ya wahubiri wasafirio. Unasema mhubiri apokewe kama Bwana, akae siku moja, na ya pili ikibidi. Akikaa tatu, huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha, huyo ni nabii wa uongo. Mimi nilipolijua jambo hili nilifurahi, kwa sababu babu zetu nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hekima ya Wakristo wale na hekima ya wahenga wetu zimekutana mlango mmoja.

Basi kukarimu na kupima vinakwenda pamoja, na chombo cha kupimia kilikuwepo tangu mwanzo. Ni barua ya utambulisho. Demetrio anatajwa mwishoni mwa waraka wa Yohana, anashuhudiwa na watu wote, tena na kweli yenyewe. Wengi waliousoma kwa makini wanaona kwamba huenda yeye ndiye aliyeibeba ile barua. Na mnamkumbuka Fibi, katika Warumi sura ya 16. Paulo anaandika, "Namkabidhi kwenu Fibi, dada yetu, aliye mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea," kisha anawaomba wampokee katika Bwana na kumsaidia katika neno lo lote atakalohitaji. Kenkrea ilikuwa bandari ya Korintho. Mama huyu alikuwa anakwenda Rumi, mji mkubwa kuliko yote ya wakati ule, na wengi wanaamini kwamba yeye ndiye aliyeupeleka waraka wenyewe kwa Warumi. Fikirini: ule waraka ambao wanatheolojia wamejifunza maisha yao yote, yamkini ulisafiri katika mzigo wa mama mmoja, na usalama wake ukategemea waliompa maji ya kunywa njiani.

Hapa Dodoma tunao akina Fibi kila wiki. Tangu serikali ilipohamia kwa nguvu, na mji wetu ukawa jiji mwaka 2018, na Chuo Kikuu cha Dodoma kuwepo tangu 2007, vijana na watumishi wanashuka hapa kutoka Kagera, Mtwara, Rukwa, Mara. Wengine sasa wanakuja kwa treni ya umeme. Mfukoni wana barua yenye muhuri wa kanisa la kwao. Kijana anakuja Jumapili ya kwanza, anakaa benchi la nyuma, barua yake inasomwa pamoja na matangazo ya harusi na michango ya ujenzi. Wageni wasimame, tuwapigie makofi, wakae. Imekwisha. Hakuna aliyemuuliza amepanga wapi, Nkuhungu au Ng'hong'hona, wala anakula nini mwisho wa mwezi. Jumapili ya nne hayupo, nasi tunasema vijana wa siku hizi wamepoa. Barua ile ilikuwa inatuomba tumsaidie katika neno lo lote atakalohitaji. Sisi tumeipigia makofi.

Na hili linaniuma zaidi kwa sababu ya historia yetu. Kanisa la nchi hii ya Ugogo lilianza kwa habari ya wapita njia. Mwaka 1876 wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kanisa Anglikana la Uingereza, walipokuwa wakielekea Uganda walifungua kituo Mpwapwa, kwa kuwa pale ndipo misafara ilipopumzika, ilipopata maji na chakula kabla ya kuikabili nyika. Macho yao yalikuwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Mpwapwa ilikuwa mahali pa kupumzisha watu na kupokea barua. Kituo kile kiliyumba, kikainuka tena mwaka 1878, na katika kupokea na kusafirisha watu wa mbali, Neno likaota mizizi kwa wenyeji. Sisi ni wazao wa kituo cha wageni. Tukisahau kupokea wageni tumesahau tulikotoka.

Tena wazee wetu walijaribiwa katika jambo hili kuliko sisi. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaka, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza, na walimu wengi wa Kiafrika wa kanisa wakakamatwa, wakateswa, wakapelekwa mbali na watu wao. Shule zikafungwa. Mapigano yalipopita hapa kwetu ikaja njaa ile ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Majeshi yalikuwa yamechukua nafaka, yamechukua ng'ombe, yamechukua wanaume kuwa wapagazi, kisha mvua zikagoma. Watu walikufa wengi mno. Wengine walitawanyika hadi nchi za jirani kutafuta chakula. Nawaza habari ya wale Wakristo wachache wa wakati ule, bila mchungaji, bila barua kutoka popote, hawajui kama ndugu zao wa Mvumi au Kongwa bado wako hai. Hata hivyo, walimu waliponusurika na kurudi, walikuta watu wanaosali. Imani ile ililindwa na watu waliotembea kwa miguu, tumbo tupu, kwenda kuona kama mwenzao bado anapumua.

Mwaka 1927 ikaanzishwa Dayosisi ya Central Tanganyika, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Watu wa parokia za mbali huko, ambao wengi hawakuwahi kuiona ardhi hii nyekundu, walitoa fedha zao na watoto wao waje kutumika hapa, katika shule, katika hospitali kama ya Mvumi. Kwa haki yote tuwashukuru.

Lakini msidhani kwamba ndugu wa mbali maana yake ni Mzungu. Miaka ya 1940 alikuja Dodoma mwalimu kijana kutoka Kigezi, Uganda, pamoja na mkewe Mera. Aliitwa Festo Kivengere. Wengi mnamjua kama askofu na mhubiri aliyesikika duniani kote, na aliyelazimika kuikimbia nchi yake mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Sisi tulikuwa naye kabla ya hayo yote, hapa hapa, akifundisha watoto wetu sekondari. Alikuja na moto wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukasambaa Burundi, Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika.

Nawaomba mtazame jinsi uamsho ule ulivyosafiri. Haukuwa na ofisi. Haukuwa na kadi za uanachama. Ndugu walikwenda wawili, watatu, kikundi, kwa lori, kwa baiskeli, kwa miguu. Walilala katika nyumba za ndugu. Jioni waliketi pamoja, wakaungama dhambi zao waziwazi, wakasema wanatembea katika nuru, wakaimba wimbo ule wa Kiganda mnaoujua wote, Tukutendereza Yesu, hata asiyejua neno moja la Kiganda akaimba. Barua zilizotoka kwa ndugu zilisomwa mbele ya wote. Mhaya akalala kwa Mgogo, Mgogo akala kwa Mkikuyu, na watu waliokuwa wanaogopana kwa sababu ya kabila wakaitana ndugu na kumaanisha. Na mwaka 1955, pale Namirembe, Kampala, Yohana Omari wa hapa kwetu aliwekwa wakfu kuwa askofu siku moja na Obadiah Kariuki na Festo Olang' wa Kenya na Daniel Deng Atong wa Sudan. Wanne, kutoka nchi tatu, wamepiga magoti sehemu moja. Siku ile umbali ulikuwa mdogo sana.

Sasa niseme habari ya leo, na nitaanza na mtaa mmoja upande wa Bahi. Sitautaja jina. Kanisa lake lina kuta za udongo na bati lililochoka, na linakatwa na maji kila kifuku. Katekista wake ni mkulima, hana mshahara. Nilipomtembelea alinionyesha daftari lake kubwa, lile la kaunta, ambalo amelipigia mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Tarehe, somo, wanaume, wanawake, watoto, sadaka. Chini ya sadaka ameandika kila kitu kwa usahihi: shilingi elfu mbili mia nne, uwele nusu debe, mayai matano, kuku mmoja. Kuna Jumapili moja ameandika: mvua kubwa, wanawake wanne, watoto saba, somo limesomwa. Safu ya mwisho imeandikwa "Mgeni aliyetutembelea." Katika safu ile kuna kistari kifupi, na chini yake kistari, na chini yake kistari, ukurasa mzima, na ukurasa unaofuata.

Yule ndugu hakuifuta safu ile. Kila Jumapili amechora kistari chake, akaendelea kusoma somo. Huo ndio utumishi mwaminifu ninaoujua mimi. Lakini uaminifu wake hautuondolei sisi deni. Sisi tuliokuwa kilometa chache tu, tuna pikipiki, tuna simu, ndio tuliomwachia vistari.

Siku ile baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka, kama kawaida. Bibi mmoja alileta mayai matano katika kitambaa. Mayai yakanadiwa, kijana akayanunua kwa bei ambayo mjini ungepata trei nzima, kisha akageuka akasema, "Nimemnunulia bibi." Bibi akarudishiwa mayai yake, watu wakapiga vigelegele. Fedha ile yote, waliamua wenyewe, iende kwa mtaa mwingine ambao kanisa lake lilikuwa limeezuliwa na upepo. Watu wa bati lililochoka wanapeleka mchango kwa waliokosa bati. Paulo aliandika juu ya makanisa ya Makedonia kwamba umaskini wao uliokuwa mwingi uliwaongezea utajiri wa ukarimu wao. Mimi sasa neno lile nalisoma nikiwaona watu wa Bahi.

Hapo panakuja habari ya fedha na simu. Kutuma fedha kwa simu ni baraka kubwa, msinielewe vibaya. Mgonjwa amepelekwa hospitali usiku kwa sababu kikundi cha WhatsApp kilichanga ndani ya saa moja. Mungu asifiwe kwa hilo. Ila naona tumeanza kuifanya simu itembee badala yetu. Tumetuma, tumepata ujumbe wa muamala, tumeandika "Amina" na mikono miwili ya kuomba, basi. Wafilipi nao walimtumia Paulo msaada, lakini walimtuma mtu na mchango wao, Epafrodito. Kama Paulo alikuwa kifungoni Rumi, kama wengi wanavyoamini, mtu huyu alisafiri zaidi ya kilometa 1,000, nchi kavu na bahari, umbali unaokaribia reli yetu yote ya Kati kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Akaugua karibu kufa. Kilichomhuzunisha kitandani ni kwamba ndugu zake wa Filipi walikuwa wamesikia kwamba anaumwa. Paulo akamrudisha na kuwaambia wampokee kwa furaha yote, na watu kama yeye wawaheshimu.

Hebu tujiulize tunawaheshimu vipi. Wapo wainjilisti tuliowatuma mahali pagumu wakarudi na kifua, wakarudi na mgongo uliovunjika kwa pikipiki, na leo wanaishi katika chumba kimoja bila bima, na wajane wao wanafika kanisani wakikaa nyuma. Mtaa unaojua kutuma na haujui kupokea anayerudi haujamaliza kusoma Wafilipi.

Na juu ya hesabu nitasema kwa kifupi, ingawa ni jambo zito. Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakubeba fedha peke yake. Aliwaambia Wakorintho wachague wao wenyewe watu wa kuzipeleka, naye atawatuma kwa barua. Akamtuma Tito na ndugu wengine waliojaribiwa na makanisa, ili mtu asije akamlaumu. Mtume mzima! Basi mtunza hazina asikasirike tukiomba risiti. Na nasisitiza: taarifa isomwe kule ilikotoka sadaka na kule ilikofika pia. Waliopokea wasikie ni kiasi gani kilitumwa. Mianya mingi itazibika kwa jambo hilo moja.

Kuhusu rafiki zetu wa ng'ambo, tumewazoesha vibaya. Wakiona barua kutoka Tanzania wanajua kuna paa, kuna kisima, kuna ada. Mahitaji yetu ni ya kweli, na kuomba si aibu. Lakini Paulo na Wafilipi walikuwa na neno la kutoa na kupokea, pande zote mbili. Makanisa mengi kule yamebaki na wazee wachache, wanaogopa kwamba wakifa wao mlango utafungwa. Ni lini mara ya mwisho tuliwaandikia kuwauliza hali zao? Ni mtaa gani hapa umefunga na kuomba kwa ajili ya kijiji chao kwa jina? Tunayo ya kuwapa. Tunao watoto wanaojaza viti mpaka wanakaa sakafuni. Tunao watu waliojifunza kumsifu Mungu katika mwaka wa njaa. Waandikieni habari hizo bila kuambatanisha bajeti.

Namalizia kwa mzee Yohana. Alikuwa na mengi ya kuandika, lakini hakutaka kuyaandika kwa wino na kalamu. Alitaka kuja, waseme mdomo kwa mdomo. Mtu aliyeandika vile alijua thamani ya barua, na bado akatamani kuketi na Gayo.

Kwa hiyo hili ndilo tulilokubaliana na Baba Mchungaji kabla sijasimama, nami nalitangaza kwa ruhusa yake. Kila mtaa uliopo hapa utapewa mtaa mmoja wa mbali, si jirani yake. Kabla mvua hazijaanza, watu wawili au watatu kutoka kila upande watakwenda, walale usiku mmoja, wasali pamoja, warudi. Mmoja wao awe mama, na mmoja awe kijana. Waende na barua yenye muhuri. Mwenyeji atatoa malazi na chakula alichonacho, na asikope ili kumridhisha mgeni. Uwele na mlenda vinatosha. Nauli ya kurudi itatoka kwa mwenyeji, hata kama ni kidogo na parishi itajazia. Waliokwenda watasimama mbele ya kanisa lao Jumapili inayofuata, waseme waliyoyaona na majina ya watu waliowaona, pamoja na wagonjwa na wafiwa, ili maombi yetu yawe na majina.

Mtaa ule wa Bahi umepangiwa tayari, nao wanawasubiri wageni wao. Mitaa mingine, Katibu ameketi pale kwenye meza yenye kitambaa cha kijani. Makatekista wakimaliza, wazee wa kanisa wafuate, halafu twende tukale.